Faili Haliendi Polepole, Linasubiri: Mwongozo Kamili wa Kuongeza Ufanisi Ofisini kwa Mbinu za Jadi na za Ajaili

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo ni mara ya tatu nakuja."

Ilikuwa wiki ya pili ya Januari, shule zinafunguliwa, nami nilikuwa afisa mikopo katika SACCOS moja ya watumishi. Mwalimu yule alikuwa ameomba mkopo wa ada tangu kabla ya Krismasi. Akiba yake ilitosha, wadhamini wawili walishatia saini, hati ya mshahara ilikuwa imeambatishwa. Nikamjibu nilivyozoea kuwajibu wenzake: "Liko kwenye mchakato, mwalimu." Hakubishana. Alijitanda khanga yake vizuri, akatoka. Jibu langu mwenyewe likanikaa rohoni kama mwiba, nikanyanyuka kwenda kulitafuta faili.

Nililikuta kwenye rundo, juu ya kabati. Nikakaa nalo, nikaandika pembeni kila tarehe iliyokuwa imegongwa muhuri. Lilipokelewa siku 19 kabla. Siku 4 lilikaa kwenye trei ya mapokezi. Siku 6 lilikuwa kwa mhasibu, ambaye alikuwa amezama kwenye kufunga hesabu za mwaka. Siku 9 zilizobaki lilikuwa linangoja kikao cha kamati ya mikopo, ambacho kwetu kilikaa mara moja kwa mwezi. Nikajumlisha muda ambao mtu alilishika na kulifanyia kitu: kuhakiki fomu, kukokotoa uwezo wa kulipa, kuthibitisha akiba, saini ya meneja. Dakika 35.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mvivu. Tulikuwa tunatoka ofisini saa moja usiku. Tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba dawa ya kuchelewa ni kuwahimiza watu wafanye haraka. Ukimhimiza kila mtu aongeze kasi maradufu, dakika 35 zitakuwa 18, na siku 19 zitabaki 19. Kinachotakiwa kupunguzwa ni kusubiri, na hapo ndipo mbinu za jadi na mbinu za ajaili zinapokutana. Nitatumia SACCOS kama mfano kwa sababu ndiko nilikofanya kazi. Kama uko halmashauri, hospitali, asasi au kampuni ya usafirishaji, badilisha majina ya meza tu.

Kwanza, maneno yenyewe

Kwa mbinu za jadi ninamaanisha ule utaratibu tunaoujua wote: mpango kamili unaandikwa mwanzoni, bajeti inapitishwa, kazi zinafuatana hatua kwa hatua, na mabadiliko yanahitaji kibali. Wataalamu wa programu za kompyuta huuita maporomoko, kwa kuwa kazi hushuka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kurudi juu. Mchoro unaohusishwa zaidi na jina hilo ulitoka kwenye makala ya Winston Royce ya mwaka 1970, na inafaa ijulikane kwamba Royce huyohuyo, ndani ya makala hiyohiyo, alionya kwamba kuufuata hivyo bila kurudi nyuma ni hatari.

Ajaili (kwa Kiingereza agile) ni kufanya kazi kwa vipande vidogo, kumwonyesha mtumiaji mapema, kusikiliza, kurekebisha, kisha kuendelea. Jina lilishika baada ya Februari 2001, watu 17 walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika azimio fupi. Walisema wanathamini watu na mawasiliano kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi, kushirikiana na mteja kuliko kubishania mkataba, na kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Sentensi ya mwisho ya azimio hilo husahaulika: kwamba taratibu, nyaraka, mikataba na mipango navyo vina thamani, ila hivyo vingine vina thamani zaidi. Nimekaa kwenye vikao ambavyo mtu anasema "sisi tunafanya ajaili" kama sababu ya kukosa mpango wa kazi. Hiyo ni fujo tu iliyopewa jina zuri.

Hatua ya 1: Fuata faili moja kwa miguu

Usianze na semina wala kununua programu. Chukua kazi moja iliyokamilika wiki hii, ya kawaida kabisa, si ile iliyokuwa na matatizo ya ajabu. Pita nayo meza kwa meza. Kwa kila meza andika mambo matatu: iliingia lini, iliguswa kwa dakika ngapi, ilitoka lini. Waulize wahusika kwa heshima, na uwaambie wazi kwamba unalifuatilia faili, huwafuatilii wao. Usipolisema hilo, kesho kila mtu atakuwa amesafisha trei yake na hutaona chochote.

Rudia kwa mafaili matano. Utaona kwamba kusubiri kwingi kunatokea mahali pawili au patatu palepale. Kwetu palikuwa pawili: meza ya mhasibu mwisho wa mwezi na kikao cha kamati. Utagundua pia yale yanayorudishwa. Kati ya mafaili matano niliyoyafuata, mawili yalirudi kwa mwanachama kwa sababu nakala ya kitambulisho cha mdhamini haikuwepo, na kila kurudi kulikula karibu wiki. Fomu yetu haikuwa imeandika popote kwamba nakala hiyo inahitajika. Mwanachama alikuwa analipia kosa letu.

Hapo hapo angalia masijala. Kama mtu anatumia dakika 20 kutafuta faili, shida hiyo haihitaji ajaili, inahitaji kupanga kabati. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza mwaka 2007, kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, kutumia utaratibu wa S tano uliotoka viwandani, na Kiswahili chake kimekaa vizuri mdomoni: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Unatenga usivyovihitaji, unaweka kila kitu mahali pake, unasafisha, unaweka kanuni moja kwa wote, halafu unashikilia. Nne za kwanza ni kazi ya wikiendi moja. Ya tano ndiyo inayozishinda ofisi nyingi, kwa hiyo mpe mtu mmoja kwa jina jukumu la kukagua kila Ijumaa.

Hatua ya 2: Gawa kazi kabla ya kuchagua mbinu

Makosa mengi huanzia hapa, ofisi inapotangaza kwamba kuanzia sasa kila kitu kitafanywa kwa mbinu moja. Kila kazi kubwa iulize maswali mawili. Tukibadili mawazo katikati, itatugharimu kiasi gani? Na leo hii tunajua kwa uhakika gani tunachokitaka?

Kama kubadili mawazo ni gharama kubwa na unajua unachotaka, tumia jadi. Msingi ukishamwagwa zege huwezi kusema chumba cha hazina kihamie upande wa pili. Mkutano mkuu wa mwaka, makisio ya mapato na matumizi, ukaguzi wa COASCO (shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika), kufungua tawi jipya: hizi zina tarehe, sheria na fedha zilizokwishapangwa.

Kama kubadili mawazo ni rahisi na hujui vizuri mtumiaji anataka nini, tumia mizunguko mifupi ya ajaili. Fomu mpya ya mkopo, huduma ya kuomba mkopo kwa simu, namna ya kuwakumbusha wadaiwa: hapa mpango wa kurasa 40 utakuwa umeandika mambo ambayo mwanachama wa kwanza atakayejaribu atayapindua.

Halafu kuna fungu la tatu, ambalo naliona kubwa kuliko yote na husahaulika: kazi za kila siku zisizo na mwanzo wala mwisho. Maombi ya mikopo huingia leo, kesho na keshokutwa. Hizi si mradi. Zinahitaji ubao na ukomo, na nitakaa hapo kwa muda mrefu kuliko pengine popote, kwa sababu ndipo mwanachama anapoumia.

Hatua ya 3: Kwa kazi za jadi, tafuta njia ndefu

Wengi hupanga mradi kwa chati ya Gantt kwenye Excel, mistari ya rangi ikishuka kama ngazi, kisha huibandika ukutani na kuisahau. Chati ni nzuri, ila haikuambii ucheleweshaji upi utakuumiza na upi hautakuumiza. Kwa hilo kuna hesabu iliyoanza mwaka 1957 katika kampuni ya DuPont ya Marekani, na ndugu yake iliyotumiwa na jeshi la majini la nchi hiyo kuanzia 1958 kwenye mradi wa makombora ya Polaris. Kuifanya hakuhitaji kompyuta.

Tuchukulie unafungua tawi katika jengo la kupanga. Kazi na siku zake:

- Kupata mkataba wa pango: siku 10
- Mchoro na makadirio ya gharama, baada ya mkataba: siku 7
- Kumpata mzabuni, baada ya mchoro: siku 14
- Ukarabati, baada ya mzabuni kupatikana: siku 21
- Umeme na mtandao, baada ya ukarabati: siku 5
- Kuagiza samani na kasiki, baada ya mchoro: siku 30
- Kuajiri na kufundisha watumishi, baada ya mkataba: siku 40
- Kuhamia na kujaribu mifumo, baada ya yote: siku 4

Sasa jumlisha kila njia kutoka mwanzo hadi mwisho. Njia ya ukarabati: 10 + 7 + 14 + 21 + 5 + 4, siku 61. Njia ya samani: 10 + 7 + 30 + 4, siku 51. Njia ya ajira: 10 + 40 + 4, siku 54. Ndefu kuliko zote ni ya ukarabati, kwa hiyo tawi haliwezi kufunguliwa kabla ya siku 61, na kila siku moja utakayoipoteza kwenye zabuni inasogeza ufunguzi kwa siku moja. Samani zikichelewa wiki nzima hakuna kitakachoharibika. Zina nafasi ya siku 10. Ajira ina nafasi ya siku 7.

Bila hesabu hii, meneja angepiga simu kila asubuhi kuulizia viti, kwa sababu viti vinaonekana, wakati barua ya kumteua mzabuni imelala mezani kwake mwenyewe. Ukishaijua njia ndefu, peleka nguvu huko. Na kila wiki ihesabu upya, maana njia nyingine inaweza kurefuka ikawa ndiyo inayoamua.

Hatua ya 4: Kwa kazi za kila siku, ubao na ukomo

Chukua karatasi mbili za bango kitita, zibandike ukutani mahali ambapo timu inapita. Chora safu: Limepokelewa, Linahakikiwa, Kwa mhasibu, Linasubiri kamati, Linalipwa, Limelipwa. Kila ombi ni karatasi moja ya kunata. Andika namba ya faili, tarehe ya kupokelewa, na aina ya mkopo. Usiandike jina la mwanachama wala kiasi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, hakuna anayependa wageni wasome ukutani kwamba anadaiwa.

Karatasi ikifika safu mpya, aliyeipokea anaandika tarehe. Ndani ya wiki moja ubao utasema yale ambayo vikao vya mwaka mzima havikusema. Kwetu safu mbili zilivimba mpaka karatasi zikawa zinapandiana, nyingine zote zikawa na nafasi. Mhasibu aliposimama mbele ya ubao alisema taratibu, "Kumbe mnanisubiri mimi." Alikuwa hajui. Kila mtu alimjia kivyake na faili lake moja, hakuwahi kuyaona yote kwa pamoja.

Ubao huu kwa Kijapani huitwa kanban, na asili yake ni viwanda vya Toyota, alikokuwa mhandisi Taiichi Ohno. Aliziangalia supamaketi za Marekani: rafu hujazwa pale tu mteja anapochukua bidhaa. Akaleta wazo hilo kiwandani kwa kutumia kadi: hatua ya mbele ikichukua, ndipo ya nyuma inapotengeneza. Ajabu yake haiko kwenye kadi, iko kwenye ukomo. Weka namba juu ya kila safu: "Linahakikiwa, yasizidi 6." Yakifika 6, hakuna kuanza la saba mpaka moja litoke. Anayehakiki akikuta safu ya mbele imejaa, haendi kuanzisha jipya. Anakwenda kumsaidia aliyezidiwa, kupanga viambatisho au kupiga simu kwa mwanachama ambaye nakala yake haionekani vizuri.

Hapa ndipo utakapopingwa sana. Meneja atasema, "Mtu akae bure wakati kuna maombi 60?" Mjibu kwa hesabu. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni rahisi: muda wa wastani wa kazi kukaa ndani ya mfumo ni idadi ya kazi zilizomo ugawanye kwa idadi zinazokamilika kwa wiki. Maombi 60 yakiwa mezani na mnakamilisha 12 kwa wiki, kila ombi litakaa wiki 5. Mkiwa na 24 tu ndani, na mkaendelea kukamilisha 12 hizohizo, litakaa wiki 2. Ni kweli kwamba 36 yaliyobaki yatakuwa yanasubiri mlangoni, na ni wajibu wako kumwambia mwanachama ukweli huo siku ya kwanza, kwamba ombi lake litaanza kushughulikiwa tarehe fulani. Lakini mkilikazania rundo hilo mpaka likaisha, halitarudi kujijaza ndani. Mshika mbili moja humponyoka. Sisi tulikuwa tumeshika 60.

Ukomo peke yake hautoshi kama kuna lango linalofunguliwa mara moja kwa mwezi. Kamati ikikaa kila baada ya siku 30, ombi litaisubiri siku 15 kwa wastani hata ofisi nzima ikiwa na kasi ya umeme. Una njia mbili. Ya kwanza, kamati ikae kila wiki kwa saa moja badala ya mwezi kwa siku nzima. Kwa wajumbe wanaoishi mbali, kikao cha simu kinafaa kama masharti ya chama yanaruhusu. Ya pili, bodi impe meneja mamlaka ya kuidhinisha mikopo midogo, tuseme ya dharura na ile iliyo ndani ya akiba ya mwanachama mwenyewe, kisha kamati ipokee orodha na kuipitia. Njia ya pili ina nguvu zaidi, ila haipitii ubaoni. Inapitia sera ya mikopo, bodi, na ikibidi mkutano mkuu. Usiipite kando. Nimeona ofisi ikiruka hatua hiyo kwa nia njema na mkaguzi akaandika hoja iliyorudisha kila kitu nyuma mwaka mzima.

Na saini. Mtia saini akisafiri kikazi wiki nzima, malipo yote yanalala. Andika barua ya kukaimisha kabla hajaondoka, si baada ya kukwama. Utenganisho wa majukumu ubaki palepale: aliyeandaa malipo asiyaidhinishe. Kasi inayopatikana kwa kuondoa jicho la pili italipwa na akiba za watu.

Hatua ya 5: Dakika 15 kila asubuhi, mkiwa wima

Kikao hiki kimeharibiwa na ofisi nyingi kwa kukigeuza kuwa ripoti kwa bosi. Simameni mbele ya ubao, muanzie kulia kwenda kushoto, yaani kazi zilizo karibu kumalizika kwanza. Kwa kila karatasi iliyokwama swali ni moja: inahitaji nini itoke hapa leo? Msizunguke mtu mmoja mmoja kuulizana jana ulifanya nini, kila mtu atajitetea.

Tuseme ukweli kuhusu utamaduni wetu wa kazi. Kijana wa miezi mitatu kazini hawezi kusema "nimekwama" mbele ya mkuu wa idara mwenye umri wa baba yake, wala hawezi kusema faili limekwama mezani kwa mkuu huyo. Atasema "nalishughulikia". Kwa hiyo uongozi wa kikao upokezane kwa zamu, mkubwa azungumze mwisho, na karatasi ndiyo isomwe, si mtu: "Namba 214 ipo safu ya kamati siku ya tano." Hilo linasemeka bila kumvunjia mtu heshima. Kwetu kitu kilichobadilisha hali ni siku meneja alipoitaja mwenyewe karatasi iliyokuwa imekwama kwake, akasema, "Hii ni yangu, naitoa kabla ya saa nne." Baada ya hapo wengine walipata ulimi.

Jambo linalohitaji mjadala mrefu liandikwe pembeni, wahusika wabaki, wengine waende kazini.

Hatua ya 6: Kwa jambo jipya, mizunguko ya wiki mbili

Hapa ndipo inapofaa skramu (Scrum), utaratibu wa ajaili wa kufanya kazi kwa mizunguko mifupi. Jina limetokana na mchezo wa raga. Takeuchi na Nonaka walilitumia mwaka 1986 kueleza timu zinazosonga mbele pamoja kama wachezaji, badala ya kupokezana kijiti, kisha Ken Schwaber na Jeff Sutherland wakalijengea utaratibu kamili katika miaka ya 1990. Mzunguko usizidi mwezi. Kwa ofisi inayoanza, wiki mbili zinatosha. Timu isizidi watu 10, na awemo anayekutana na wananchi dirishani, si mabosi watupu.

Unahitaji mtu mmoja mwenye neno la mwisho kuhusu kipi kitangulie. Mmoja, si kamati. Na mwingine wa kuondoa vikwazo: kufuatilia kibali, kutafuta chumba, kumlinda mwenzake asivutwe kwenye kazi nyingine katikati ya mzunguko.

Mfano wetu ulikuwa fomu ya mkopo, kurasa 6. Mzunguko wa kwanza lengo lilikuwa moja: fomu fupi ambayo mwanachama ataijaza bila msaada. Siku ya tatu tayari tulikuwa na rasimu ya kurasa 2, mbaya, ya kuchapa tu. Tukawapa wanachama kumi waliokuja dirishani, tukakaa kimya tukiangalia. Wengi walisita kwenye kisanduku kimoja: "Uwezo wa marejesho." Mama mmoja aliandika "ninao". Tulikuwa tumetumia neno hilo kwa miaka, hatukuwahi kujua kwamba anayejaza haelewi anaulizwa shilingi ngapi. Tukaandika upya: "Unaweza kukatwa shilingi ngapi kila mwezi?" Orodha ya viambatisho tukaipeleka ukurasa wa kwanza, ikiwa na visanduku vya kutiki, pamoja na ile nakala ya kitambulisho cha mdhamini. Mafaili ya kurudishwa yakapungua kuliko tulivyotarajia.

Mwisho wa kila mzunguko fanya mambo mawili. Onyesha kitu chenyewe kwa watakaokitumia. Slaidi za kueleza kitu kitakavyokuwa hazihesabiki. Kisha timu ijifungie saa moja ijiulize kilichosaidia, kilichozuia, na badiliko moja la kujaribu mzunguko ujao. Moja tu. Orodha ya maazimio 12 haitekelezwi, sote tunajua. Swali liwe "nini kilizuia", lisiwe "nani alikosea", na kilichosemwa humo kisionekane kwenye tathmini ya mtumishi.

Kabla hamjaanza, kubalianeni maana ya "imekamilika". Kwetu kamati iliona mkopo umekamilika ukisainiwa. Mhasibu aliona umekamilika hundi ikiandikwa. Mwanachama anaona umekamilika pesa ikiingia. Chukueni maana ya mwanachama.

Hatua ya 7: Pima kwa tarehe mbili

Huhitaji viashiria 30. Tarehe ya kupokea, tarehe ya kukamilika, basi. Kila mwisho wa mwezi chukua kazi 20 zilizokamilika, zipange kutoka ya haraka hadi ya polepole, uangalie ya 17. Kama ya 17 ilichukua siku 9, unaweza kumwambia mwanachama kwa moyo mweupe kwamba maombi 17 kati ya 20 hukamilika ndani ya siku 9. Wastani hudanganya, faili moja la siku 60 huuvuta juu, na mikopo ya dharura ya siku moja huficha wanaoteseka. Tazama na yale matatu ya mwisho, moja moja, kwa majina ya sababu zake.

Kipimo hiki ni cha mfumo. Siku utakapokitumia kumkaripia mtu, tarehe zitaanza kuandikwa nyuma.

Pale mbinu mbili zinapogusana

Mfadhili anataka ripoti ya robo mwaka, bodi inataka makisio, serikalini mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na zabuni zina ratiba yake. Hakuna kati ya hivyo kinachokuzuia kufanya kazi kwa mizunguko. Funga matokeo, fedha na tarehe kwenye mpango wa jadi. Njia ya kuyafikia iache wazi. Kwenye andiko la mradi andika "wanachama wataweza kuomba mkopo kwa simu ifikapo Juni", usiandike skrini 24 na vitufe vyake. Na ukimpa mtu nje kazi ya kutengeneza mfumo, mlipe kwa vipande vilivyojaribiwa na watumiaji wako, usimlipe sehemu kubwa kwa waraka wa mahitaji.

Nyaraka nazo zisidharauliwe. Baada ya kila mzunguko andika ukurasa mmoja: tulibadilisha nini, kwa nini, nani aliidhinisha. Mkaguzi akija, ubao wa karatasi za kunata si ushahidi. Piga picha kila Ijumaa uihifadhi pamoja na ukurasa huo.

Siku 30 za kwanza

Wiki ya kwanza, fuata mafaili matano, usibadilishe kitu. Wiki ya pili, weka ubao bila ukomo, na anza kikao cha asubuhi. Wiki ya tatu, weka ukomo kwenye safu iliyovimba zaidi tu, na peleka kwa bodi pendekezo moja la kufungua lango lililobana kuliko yote. Wiki ya nne, chagua jambo moja jipya lenye maumivu kwa wateja, uliundie timu ya watu watano, uanze mzunguko wa kwanza. Anza na idara moja. Ukianza na taasisi nzima utatumia mwezi mzima kueleza maneno.

Mwalimu wa Januari alipata mkopo wake siku ya 26, ada ilishakopwa kwa jirani. Mwaka uliofuata alirudi Desemba na fomu ya kurasa 2, akaniuliza aje lini kuulizia. Nikaangalia ubao, nikamwambia asije. Simu yake italia kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Ililia Alhamisi.